Alimrudisha Kwao kwa Simu

"We Shamsa! Pazia gani hilo unashona maua yakiwa kichwa chini?"

Sitara, fundi wa cherehani ya pili pale barazani, alicheka mpaka akashika kiuno. Shamsa hakucheka. Alikuwa anausoma tena ujumbe ulioingia kwenye simu yake:

"Habibti, nipo ofisi ya leseni. Nimechoka kungoja. Leo nauliza mwenyewe."

Akalisukuma pazia pembeni. Akapiga.

"Muaz, rudi dukani. Bi Hind anakuita, wateja wamejaa."

"Bi Hind ndiye kaniruhusu."

"Watakuzungusha tu hao! Ijumaa tunaoana, hata kanzu hujachukua..."

"Naitwa dirishani, Shamsa. Tutaongea."

Simu ikakatika.

Huyo Muaz mnayemwona Kariakoo akipanda ngazi kupima mapazia, kwao Sudani alikuwa daktari wa kupasua. Vita vilimtoa na begi moja, akapokewa na Bi Hind, mama wa Kiarabu mwenye duka la mapazia karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nchi hii watu wanafiwa na wake zao kwenye mabenchi ya hospitali, wanaambiwa daktari hayupo. Kumbe yupo, anakata vitambaa! Mtihani wa leseni alishafaulu, usaili alishafanya. Kilichobaki ni wakubwa kumpangia hospitali, na wakubwa hawana haraka, maana wao wakiumwa wanapanda ndege. Wakamwambia angoje simu. Kwa vile Kiswahili cha kwenye simu kilikuwa kinampiga chenga, akaacha namba ya mchumba wake, Shamsa.

"Sitara, nimekwisha."

"Kuna nini? Bwana harusi kakimbia?"

"Simu ya kazi yake ilikuja. Zamani, kabla ya Ramadhani."

"Eh! Na hukumwambia?"

"Hospitali moja kule Tunduru ilikuwa inamtaka. Nikawaambia ameshaondoka nchini, amerudi kwao."

Sitara akaachia mkasi.

"Shoga, una akili timamu wewe?"

"Si wewe uliyeniambia akivaa koti jeupe nitabaki nashona matambara ya kudekia?"

"Nilikuwa nakutania! Utani wa barazani ndiyo unamfungia mtu maisha yake?"

Shamsa akageuka. Aliangalia mtaa, anaomba Mungu foleni iwe ndefu, dirisha lifungwe, karani awe kaenda kula. Siku zote makarani hao hawapo. Siku hiyo walikuwepo.

Muaz alirudi kwa miguu, anapita katikati ya mikokoteni kama haioni. "Mwarabu, pisha! Utavunjwa mguu!" wabeba mizigo wakampigia kelele. Shati alilolipiga pasi asubuhi lilikuwa limeganda mgongoni.

"Pole na jua," Shamsa alisema.

"Mama wa dirishani kanishangaa. Kaniuliza, 'Dokta, wewe si ulirudi Sudani?'"

Sitara akaacha kushona.

"Nikamwambia sijaenda popote. Akasema mwanamke ndiye aliyepokea simu. Mpole, ana adabu. Akamwambia nimeondoka, wasisumbuke kunitafuta."

"Muaz, nisikilize..."

"Nafasi kapewa mtu mwingine. Mimi nisubiri wakubwa wakae kikao kingine."

"Kikao lini?"

"Hajui. Wao wenyewe hawajui."

Shamsa akaangua kilio.

"Niliogopa. Ukishakuwa dokta wa watu, utamkumbuka fundi wa barazani?"

"Kwenye usaili waliniuliza, mkoani ni mbali, utakaa? Nikawajibu nitakaa. Nikawaambia mke wangu ni fundi, mapazia ya wodi atashona yeye. Wakacheka wote."

"Hukuniambia hayo!"

"Nilitaka simu ije kwanza."

Bi Hind akatoka ndani, ushungi begani, tepu ya kupimia shingoni.

"Kelele gani hizi mbele ya wateja? Muaz mwanangu, mtoto wa watu kakosea kwa kukupenda. Msamehe, Ijumaa mkafunge ndoa yenu."

"Bi Hind, vita vilinifukuza kwetu. Walionifukuza hawanijui, wala mimi siwajui." Akamwonyesha Shamsa kwa kidevu. "Huyu ananijua."

"Naenda ofisini kesho," Shamsa akasema, anamshika mkono. "Nitapiga magoti, niwaambie ni mimi!"

"Picha ya nyumba yetu ilivyoungua nilikuonyesha. Ulilia kuliko mimi. Halafu ukawaambia watu nimerudi huko." Akautoa mkono wake polepole. "Kwa nani, Shamsa? Nimerudi kwa nani?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Shamsa alienda kweli ofisini. Alipiga magoti kweli. Wakamwambia anyanyuke, anazuia foleni.

Ijumaa ikapita bila ndoa. Shehe aliambiwa asije. Muaz alibaki dukani kwa Bi Hind kwa sababu hana pengine pa kwenda, na Shamsa alibaki barazani kwa sababu cherehani ndiyo inayomlisha na mama yake. Wenye nchi hawakujua wamepoteza daktari. Wangejua vipi? Hata kumpata hawakujua kwamba wamempata.

Jumatatu asubuhi Muaz alitoka ndani na kitambaa cha kijani begani. Akaipita cherehani ya Shamsa, akasimama kwa Sitara.

"Mwambie fundi, mapazia haya mteja anayataka kesho."

Shamsa alikuwa amekaa hapo hapo, goti lake limegusa la Sitara.

"Si amesikia, kaka."

"Mwambie."

Sitara akageuka, macho yamejaa machozi.

"Fundi, mteja anayataka kesho."

"Sawa," Shamsa akasema.

Muaz alishaingia ndani.