Chumvi Kwenye Goti la Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasuku alimchemshia bibi yake maji ya kukanda goti. Jina la Kasuku alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu ya mdomo wake, maana Kiingereza alikimwaga kama maji. Siku hiyo aliomba ruhusa shuleni. Zahanati ilikuwa na daktari mgeni asiyejua Kiswahili hata cha salamu, na bibi alihitaji mkalimani.

"Mke mwenzangu, leo huo mdomo wako utatufaa," bibi alimtania wakiwa kwenye foleni.

Kasuku hakucheka. Mara ya mwisho walisubiri tangu alfajiri, wakarudi na vidonge vinne tu. Leo alikuwa ameapa kwamba daktari atawasikiliza.

Daktari aliuliza goti linaumaje.

"Linauma kidogo, hasa nikipanda ngazi," bibi akajibu.

Kasuku akageuza kwa Kiingereza: linauma very, very, very much, na bibi hapati hata lepe la usingizi.

Daktari akakunja uso. Alifungua kabati, akatoa kichupa na sindano. Alisema hiyo ni dawa kali, na kwa umri wa bibi itabidi alazwe ili moyo wake uangaliwe.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anasema... utachomwa sindano."

"Haya. Kama mtaalamu ameona hivyo." Bibi akakunja mkono wa gauni lake, akamtabasamia mjukuu wake.

Kasuku akamgeukia daktari. Akisema, ataumbuka. Akinyamaza, je, moyo wa bibi? Sindano ilikuwa imeshajaa.

"Ngoja, daktari!" alipiga kelele kwa Kiswahili, Kiingereza chote kimemtoroka. Kilipomrudia, alieleza yote huku analia: maumivu ni ya ngazi tu, na bibi hulala na kukoroma mpaka majirani wanajua.

Daktari aliiweka sindano chini. "Mfikishie bibi yako maneno yangu," akasema. "Usiongeze, usipunguze."

Kasuku akageuza. "Bibi, anasema 'very' ni kama 'sana'. Lakini zamani, lilipotoka kwa Wafaransa, neno hilo lilikuwa na maana ya 'kweli'. Anasema... anasema mimi nimelitamka mara tatu, na kweli haikuwemo hata moja."

Daktari alilibonyeza goti taratibu, akatoa dawa ya kuchua na kuonyesha mazoezi ya mguu.

Walipofika kwenye ngazi za nyumbani, bibi alisimama.

"Nilisema kidogo kwa sababu ni kidogo," alisema. "Iko siku nitasema sana, na siku hiyo nitataka daktari akuamini. Ukiongeza chumvi leo, siku hiyo utamwambia nini?"

Kasuku aliinamisha kichwa. "Umenikasirikia, bibi?"

Bibi alifikiri kwanza. "Kidogo," akasema, akamshika mjukuu wake bega ili aegemee akipanda ngazi.

Kasuku alishusha pumzi. Alijua ni kidogo kweli.