Ukuta Husema Mara Moja

Magofu ya Gede yalianza kupiga kelele saa tatu asubuhi. Mwanamke asiyeonekana alimwita mwanawe aje ale, mchuuzi akaapa kwamba shanga zake zimetoka Kambaya, Bara Hindi, jogoo akawika. Wageni wa safari ya siku moja, waliokuwa wakigombania viti vya dirishani katika chombo-anga, waliduwaa midomo wazi.

"Daktari, hawa wamekufa lini?" aliuliza Bwana Lushinge, mfanyabiashara wa pamba kutoka Shinyanga.

"Miaka mia sita iliyopita, au zaidi," alijibu Dkt. Salme Bakathiri, mhandisi aliyebuni kisikizamawe, mashine iliyozitoa sauti hizo.

Aliwaeleza kwamba chokaa mbichi ukutani hutetemeka kwa kila sauti iliyo karibu, kisha hukauka na mtetemo wake. Mwanga mwembamba wa mashine huusoma mtetemo huo na kuurudisha kuwa sauti. Hakuwaeleza kwamba mwanga huohuo huibandua chokaa, na ukuta uliosomwa hausomeki tena. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Adhuhuri waliisikia bandari ya Kilwa ikipima dhahabu. Alasiri wakatua penye kuba la Sheikh Nureni, ambako mtunzaji wa ziara, Bi Zena Shekuwe, aliwapokea kwa marashi na kuwaamuru wavue viatu. Nyuma yake walisimama wafuasi wa tarika.

"Ukisha kuusoma ukuta, chokaa yake itabaki?" Bi Zena aliuliza.

Salme aliinamisha macho. "Haitabaki, Bi Zena. Hata kule tulikopita haikubaki."

"Ala! Kumbe tumeshinda tukila urithi wa watu!" alisema Lushinge.

Bi Zena aliutazama ukuta ambao marehemu mama yake aliuwekea kiganja kila Maulidi. Lakini homa ya majuzi iliwafagia viongozi wote wa dhikri, nayo dhikri ikaenda nao. Hawakuirekodi kamwe, maana kwao dhikri hupokewa kinywa kwa kinywa. Sauti za waliolijenga kuba wakidhikiri ndizo zilizosalia, humo ukutani.

"Soma, mwanangu. Ila usirekodi."

"Mkikosa kuishika, ndiyo imepotea kabisa!" alisema Salme.

"Zima hicho kinasa sauti."

Salme alikizima. Mwanga ukagusa ukuta, na kuba likajaa watu. Waashi waliokwisha kuoza zamani walikuwa wakipaka chokaa huku wakimtaja Mola, "Allahu, Allahu," pumzi zikishuka vifuani, viganja vikipiga ukuta kwa mwendo mmoja. Salme aliogopa, na hakutaka woga ule umtoke.

Maganda ya chokaa yalidondoka sakafuni. Bi Zena, macho ameyafumba, alianza kuifuatisha dhikri, akakosea, akarudia, akakosea tena, kisha akaishika. Wafuasi wakamfuata. Lushinge, ambaye kwao ni watu wa kanisani, aliyumbisha mabega pamoja nao.

Dhikri ilizidi kupanda. Salme aligeuka kuona ukuta umebakia kiasi gani. Mwanga wa mashine ulikuwa umekwisha kuzimika, mawe yako matupu toka juu hadi chini, na kuba bado lilikuwa likivuma.