Wito wa Kristian

Bendi yao iliitwa Baridi. Walichanganya bluzi, souli, roki na jazi, na wazee wa Lushoto walisema ni sawa na kupika makande na tambi sufuria moja. Hata hivyo hoteli moja ya mjini iliwaita wapige Jumamosi, onyesho lao la kwanza la maana, na tarumbeta hawakuwa nayo. Waliyoizoea ilikuwa ya Kristian, na Kristian alikuwa kaburini tangu Machi.

Basi Alhamisi jioni Modesta, mwimbaji wao, akapanda kijijini Gare kwenda kuiomba kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana." Mama Kristian alileta mkoba mweusi wa tarumbeta, aliorudishiwa baada ya mazishi, akaupangusa kwa kanga. "Nani ataipuliza?"

"Tobia, yule wa tarumbeta za kanisani."

Mama akamkabidhi mkoba. "Mwanangu alikuwa anaita, wewe unamwitikia. Sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Ukungu umeshashuka. Ukiitwa njiani mara moja tu, funga mdomo. Aliye hai huita mara mbili. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Hakuna mtoto wa milimani asiyelijua hilo. Ila kuna jambo ambalo mama hakulijua, na Modesta alishindwa kumtazama usoni.

Wimbo wao mkubwa ulikwenda hivi: Kristian anaita kwa tarumbeta, Modesta anajibu kwa sauti. Siku ile ya Machi Kristian alichelewa mazoezi, Modesta akanuna. Kristian akaita. Kimya. Akaita tena, macho yakicheka. Kimya. Akafunga mkoba, akauacha kwenye kiti, akawasha pikipiki na kuondoka peke yake. Kwenye kona ya kuingia Gare, ukungu ukamfichia barabara, pikipiki ikaserereka bondeni. Watu husema hasira hasara. Hawasemi hasara hiyo utalala nayo miezi mingapi.

Njia ya mkato ilipita kwenye misonobari. Ukungu ulimfika kiunoni, kisha usoni. Harufu ya moshi wa kuni ikapotea. Hata mbwa hakubweka. Tangu Machi alijiona mpweke hivi hivi hata katikati ya watu.

Halafu...

Tarumbeta.

Noti nne, ya mwisho ikipinda kwenda chini. Wito wake. Ulitoka bondeni, kule kwenye kona.

Mkoba ulikuwa mgongoni kwa Modesta. Umefungwa.

Akasimama, akasikiliza. Akangoja wito wa pili...

Haukuja.

Alijua la kufanya. Akafunga mdomo, akatembea hatua kumi, kumi na tano. Lakini wito ule ulikuwa umeachwa wazi, na yeye alishawahi kuuacha wazi. Hakuweza tena.

"Nisamehe," alinong'ona. Kisha akaimba jibu lake lote, machozi yakimtoka.

Kimya.

Halafu ukaja wito mwingine. Karibu zaidi.

Alikimbia hadi Lushoto bila kugeuka. Chumbani kwake alipofungua mkoba, mdomo wa tarumbeta ulikuwa na joto, na umelowa mate.

Hakumwambia mtu. Jumamosi, saa moja jioni, ukumbi ulijaa. Tobia akainua tarumbeta, akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Haikutoa hata mlio. Akamgeukia Benjamini, mpiga gitaa, kwa aibu.

Lakini Modesta alikuwa ameusikia wito. Akajibu.

Watu wakashangilia. Hakuwahi kuimba vile. Ananyamaza, anatega sikio, anajibu. Benjamini akamsogelea huku akipiga.

"Modesta, unamjibu nani?"

Hakumjali. Kwa mara ya kwanza tangu Machi hakuwa mpweke. Aliogopa, ndiyo, na alichokiogopa zaidi ni kwamba hakutaka jambo hilo liishe.

Wimbo ukaisha. Heri, mpiga ngoma wao, akaweka chini vijiti. Makofi yakapungua, yakakoma, watu wakaanza kutazamana. Modesta bado alikuwa ameshika maiki, ameelekeza uso mlangoni. Kila wito ulikuwa umekuja karibu zaidi ya ule wa kabla yake. Wa kwanza jioni hiyo ulitoka barabarani. Uliofuata, getini. Huu wa sasa ulitoka barazani, nyuma ya mlango.

Akavuta pumzi, akajibu.