Gemu la Adoyo

Haya yalimkuta rafiki yetu Ogweno, wa pale Igoma, Mwanza. Yeye na mdogo wake Adoyo walikulia Sengerema, wakicheza gemu moja la mazimwi na falme kwenye mashine iliyochomekwa kwenye runinga, wakipokezana padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Ogweno alipohamia Mwanza akanunua kompyuta, akaanza kuicheka mashine ya nyumbani.

“Huku kwangu hata jani mojamoja unaliona,” alimwambia Adoyo kwenye simu.

“Sawa, kaka, lakini unacheza peke yako. Mimi nakusubiri kwenye gemu letu, chini ya mlima. Siupandi bila wewe.”

Ogweno aliahidi kwenda Pasaka. Hakwenda, alinogewa na kompyuta yake. Mvua za masika hazijaisha, Adoyo akaugua, akafariki.

Baada ya mazishi, mama yao alimwambia Ogweno aichukue ile mashine. “Hata alipozidiwa, baba, alikuwa anauliza kama umefika.”

Ogweno aliingia chumbani kwa Adoyo, akafunga dirisha kuzuia mvua, akaiwasha. Shujaa wa Adoyo alikuwa bado ameketi chini ya mlima, upanga magotini. Ogweno akaona aibu hata kuishika padi. Akaiacha mkekani.

“Nisamehe, mdogo wangu,” alisema.

Umeme ukakatika. Runinga ikazimika, mashine ikanyamaza, chumba kikajaa giza. Ogweno akapapasa ukuta kuutafuta mlango. Nyuma yake, pale mkekani, vitufe vya padi vikaanza kubonyezwa, taratibu kwanza, kisha harakaharaka.