Sindano Tisa za Sonia

Benchi lilikuwa na joto. Fébronie alikuwa akilipangusa kwa kitambaa, mkono wake ukapita sehemu moja, upana wa mtoto aliyekaa, akakuta ni ya moto kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Hakuna aliyekuwa amekaa. Ilikuwa saa nne asubuhi hapa Juru, upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na watu wako kwenye mashamba yao ya maharage.

Alijiambia ni jua. Jua halikufika pale ndani.

Nieleze kazi yake, maana sipendi hadithi inayomficha msomaji mambo. Fébronie ni mkimbizi kama sisi, wa Kivu Kusini, aliyesomea uuguzi kidogo kabla ya vita. Madaktari wa moyo wa Mbarara walikuwa na utafiti. Watoto ambao ugonjwa wa koo umewaharibia vali, ile milango midogo ya moyo, wachomwe penisilini kila wiki nne hapahapa Nakivale badala ya kusafirishwa mpaka mjini. Fébronie akapewa sanduku la baridi, sindano na kadi. Akimaliza kuchoma, mtoto anabandika kidole gumba kwenye kadi, na kadi inakwenda Mbarara.

Dawa ile ni nzito, nyeupe kama maziwa ya ng'ombe, na inauma. Mtoto huchechemea siku mbili. Sonia, binti wa Mukamazimpaka, miaka kumi na mmoja, alikuwa akianza kutetemeka kabla hajafika mlangoni.

"Mama Fébro, leo uniache. Leo tu. Sitasema kwa mama."

Akamwacha. Akamwaga dawa nyuma ya jiko, mtoto akabandika kidole, akaondoka akirukaruka. Mwezi uliofuata vilevile. Mara tisa. Mtu akiniambia hiyo ni huruma, atoke mbele yangu. Huruma gani inamwaga dawa halafu inaandika "amechomwa"?

Sonia alikufa Februari, miguu imevimba, akihema ameketi kwa sababu akilala pumzi inakatika. Mazishini Mukamazimpaka alimshika Fébronie mikono yote miwili mbele ya watu.

"Dada yangu, wewe ulifanya yote. Hata sindano moja haikumupita mutoto wangu."

Na Fébronie akajibu, "Amina."

Sasa benchi lilikuwa na joto, naye alikuwa akimngoja Cyiza, mdogo wake Sonia, miaka saba, ambaye vali yake nayo ilikuwa imeanza kuvuja. Chupa ilikuwa moja, ya Cyiza. Akavuta dawa kwenye sindano, na alipogeuka akasikia ubao ukilia kama unavyolia mtu akikaa, kisha harufu ya spiriti ikajaa nyumba ingawa kopo lilikuwa limefungwa, kisha pumzi, fupi fupi, za mtu aliyepanda mlima, na chini ya pumzi ule mvumo alioujua kwa kipimo cha masikioni tu, wa damu inayorudi nyuma kwa sababu mlango haufungi, ukivuma hewani bila kipimo chochote, ukisogea, ukisimama kwenye usawa wa kiuno chake, mpaka sauti ikasema kwa adabu:

"Niko tayari, Mama Fébro. Leo sitalia."

Akachoma. Msimcheke. Alichoma hewa juu ya benchi, na hewa ikaikataa sindano kwanza, halafu ikaipokea kama nyama. Dawa ikaisha yote. Hata tone moja halikuanguka chini.

Cyiza alipoingia, Fébronie alikivuta kidole chake, akakibandika kwenye kadi.

"Tumemaliza. Nenda."

"Lakini haukunichoma bado."

"Nenda, nimesema!"

Aliita watu wa maombi. Wakafunga siku tatu, wakakemea pepo mpaka sauti zikakauka. Mzee Eliezeri, kiongozi wao, akamsogelea, akanong'ona, "Dada, kuna kitu unatuficha?"

"Hapana, mzee."

Basi wakarudi kwao. Watu wataombaje juu ya uongo?

Wiki nne zikapita, Sonia akaja tena, akachukua chupa. Na tena. Mara ya tatu Cyiza alifika amebebwa mgongoni, magoti yamevimba, anahema. Anahema vilevile kama dada yake. Fébronie hakungoja kesho. Akapanda pikipiki, ikampitisha njia ya Masha mpaka Mbarara, vumbi kichwa kizima.

Daktari Kamusiime, mmoja wa wale wa utafiti, alimpokea vizuri, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Nyabo, mama, karibu. Hata mimi nataka kuita wewe. Hii Juru nasumbua sisi. Mtoto nachomwa kila mwezi, bado nakufa. Sasa wakubwa nasema sindano ya kambini haina kazi, tufunge utafiti."

"Sindano inafanya kazi, daktari. Ni mimi sikuchoma."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ngapi?"

"Tisa za Sonia. Tatu za Cyiza."

"Na dawa ya Cyiza nani nachukua?"

"Dada yake."

Daktari akapiga simu kuomba gari.

Alasiri hiyo walikuwa kwa Mukamazimpaka. Daktari alipitisha mashine kifuani mwa Cyiza, akaangalia picha ya vali, akapumua. "Imeharibika, lakini bado. Bado tunaweza." Akamchoma mwenyewe. Halafu akampima mama pia, maana ugonjwa huu hukaa nyumba nzima, akakuta kovu la zamani kwenye vali yake. Naye achomwe kila wiki nne.

Fébronie alikuwa amepiga magoti tangu walipoingia, akisema yote, moja baada ya nyingine, mpaka ya tisa. Mukamazimpaka hakupiga kelele. Alilala ubavu mkekani, akasema, "Yeye ndiye anichome."

"Mama, huyu nimetoa kwa kazi."

"Anichome, na wewe uangalie. Nataka kujua ni maumivu gani hayo alimuonea mutoto wangu huruma."

Daktari akasita, akampa Fébronie sindano, akasimama juu yake. Dawa ikaingia polepole, nzito. Mukamazimpaka hakutikisika. Ilipotoka, akageuza kichwa.

"Ni hii tu?"

Na ubavuni mwake, mahali mkeka ulipokuwa mtupu, sauti ndogo iliyokatika pumzi ikasema pamoja naye, "Ni hii tu?"

Daktari akageuka kutafuta ni nani mwingine aliyesema.