Kikohozi cha Mzee Komba

Vifagizi milioni sita viliingia mapafuni mwa Mzee Adelhelm Komba saa mbili asubuhi, na kufikia saa nne vilikuwa vimeua kila bakteria wa nimonia aliyeonekana. Kila kifagizi ni roboti mdogo kuliko chembe ya unga. Kwenye kioo cha wodi, hapo Dodoma, vilionekana vikimega maadui bega kwa bega na seli walinzi za mzee mwenyewe. Seli zilipopandwa na hasira na mapafu kuanza kuvimba, vifagizi vilizimwagia dawa ya kuzipoza.

Injinia Lukelo Kikoti, mama wa miaka hamsini aliyevibuni, alirukaruka kama kafunga goli. Nesi Skola akamwambia ashangilie polepole, oksijeni ya mgonjwa inashuka.

Ilikuwa inashuka kweli. Tisini. Themanini na nne. Adui kafa, na mtu naye anaondoka.

Lukelo akakuza picha. Mizoga ya bakteria na ute vilikuwa vimeziba njia za hewa. Vinyweleo vya mapafu, ambavyo husukuma uchafu juu kama watu wanaopokezana matofali, vilikuwa vinahangaika peke yao. Kilichokosekana ni kikohozi. Na kikohozi alikizima yeye, kwa kuviamuru vifagizi vikizuie, maana kilikuwa kinatema vifagizi vyake nje.

Akaviamuru vikiachie. Skola akamsihi mzee akohoe. Mzee, fundi wa mashine ya kusaga Songea kwa miaka arobaini, akatoa kisauti kama cha paka mgonjwa. Nguvu hana, hamu hana.

Lukelo ni Mhehe, mzee ni Mngoni. Hao ni watani tangu enzi za mikuki, na mtani habembelezwi, huchokozwa.

"Wewe mla panya," akamwambia sikioni, "ukifa leo, msibani napika mimi. Wageni watakula panya, mkia nakuwekea kwenye jeneza."

Mzee akafumbua jicho moja. "Mhehe... mbwa mmeshawala wote?"

Akajichekea mwenyewe. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja, Skola akawahi beseni. Tisini na moja. Tisini na sita.

Skola akapiga vigelegele. Lukelo naye alianza, akakatisha. Watu wengine elfu arobaini walikuwa na vifagizi hivyohivyo vifuani, wote hawakohoi. Na wale kumi na mmoja waliokufa mwezi uliopita, wakaandikiwa kwamba moyo ulichoka?

Akakaa, akaviamuru vifagizi vyote vikiachie kikohozi, kisha akawaandikia wote kwenye simu zao:

"Mimi Lukelo Kikoti niliwazimia kikohozi. Nilikosea, nimekirudisha. Kohoeni sasa hivi. Atakayeshindwa, amwite mtani wake."