Beseni la Ikweta

Ndugu yeyote anayepanda Quito kutoka pwani lazima apelekwe kwenye ikweta. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini ole wake atakayeivunja. Narcisa Cando aliichukia kutoka utosini hadi unyayoni. Jumamosi ile alikuwa anakwenda kwa mara ya kumi na mbili maishani mwake, kwa sababu mama mkubwa Clemencia alikuwa amefika kutoka Guayaquil na masanduku matatu, na mama yake Narcisa, Bi Piedad, hakujua kuendesha gari.

Palikuwa na watu kama siafu. Kuuzunguka mnara wa mawe walijipanga kupiga picha, mguu mmoja huku, mmoja kule, juu ya mstari wa rangi ya njano ambao hata wauza barafu wanajua si wenyewe. Mstari wa kweli uko mita mia mbili na ushee upande wa kaskazini. Upepo ulileta harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyokaangiwa tangu juzi. Pembeni, simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wa kufugwa, waliobanikwa vijitini, walikuwa wamekenua meno kama watu waliokufa wakicheka. Narcisa alijifunika pua kwa skafu. Tumbo lake halikuwa na uvumilivu hata siku za kawaida, na siku hiyo lilikuwa limeamka vibaya.

"Mwanangu, mbona umekunja uso hivyo?" mama mkubwa aliuliza.

"Uso wangu ndivyo ulivyo, mama mkubwa."

"Basi ndiyo maana huolewi."

Wakaenda hadi kwenye jumba dogo la makumbusho, la mtu binafsi, nyuma ya vibanda vya mwisho. Huko ndiko kulikokuwa na beseni.

Mwelekezaji alivaa poncho nyekundu ya sufu iliyomfunika mabega na kofia ya majani, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa mwanamume mzuri, tusidanganyane. Kifuani alibandika jina: Fausto Guachamín. Aliliweka beseni kusini mwa mstari mwingine uliochorwa hapo, akamwaga ndoo ya maji, akatupia majani mawili, akavuta kizibo. Majani yakazunguka kulia. Watu wakasema aaah! Akalihamishia kaskazini. Majani yakazunguka kushoto. Aaah! Kisha akaliweka juu ya mstari wenyewe, akamwaga maji, na kabla ya kuvuta kizibo akasimulia utani mrefu wa mama mkwe aliyepotea ikweta. Watu wakacheka hadi machozi. Akavuta. Maji yakashuka wima, bila kuzunguka hata kidogo, na makofi yakalia.

Narcisa hakupiga makofi. Alifanya kazi katika maabara ya maji ya jiji. Alikuwa ameyatazama maji yakitoka kwenye masinki kwa miaka saba, na aliijua tabia yake. Tena alikuwa ameuona mkono. Kusini ndoo ilimwagwa ubavuni mwa beseni upande mmoja, kaskazini upande wa pili. Na ule utani haukuwa utani, ulikuwa muda wa kuyatuliza maji.

Kichefuchefu kilimpanda. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimleta hapohapo, akamshika mabega, akamwambia, "Unaona, binti yangu? Dunia haidanganyi." Wiki iliyofuata baba akahamia Ambato, kwenye nyumba ya pili ambayo ilikuwepo muda wote, yenye mke na watoto wawili. Tangu hapo Narcisa alijiapia jambo moja tu: hatampenda tena mtu anayeweza kumdanganya huku akimtazama machoni.

Wakati mama mkubwa akihangaika kusimamisha yai juu ya kichwa cha msumari ili apewe cheti, Narcisa alimfuata mwelekezaji kwenye bomba la maji.

"Kaka, samahani. Ile ndoo unaimwaga ubavuni kwa makusudi, au mkono umezoea tu?"

Fausto akageuka taratibu. Akamtazama koti lake la kijani, hereni zake ndogo za fedha, na uso wake uliokunjamana.

"Dada, nina miaka sita hapa. Wewe ni wa tatu kuuliza."

"Huoni kinyaa?"

"Naona. Hasa kwenye utani wa mama mkwe. Nimeusema mara elfu nne na haujawahi kuchekesha."

Narcisa alicheka bila kupenda, akakasirika kwamba amecheka.

"Nipe namba yako ya simu," Fausto akasema, "niwe nakupigia unitukane vizuri. Hapa nina wageni."

Akampa. Mwenyewe hakujua kwa nini.

Wakatukanana kwa simu wiki mbili nzima, na matusi yakazidi kulainika.

"Haloo, tapeli wa maji."

"Haloo, malkia wa kinyaa. Umekula?"

"Nimekula supu ya viazi. Nywele ilikuwemo."

"Yako au ya jirani?"

"Nyamaza, Fausto, nitatapika!"

Kufikia Julai walikuwa wanakutana kila Jumatatu, siku ya mapumziko ya Fausto, ambaye alimsubiri nje ya maabara na ndizi za kukaanga kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa na sauti ya chini na mikono mikubwa yenye joto. Narcisa aliipenda mikono hiyo, halafu akikumbuka ndoo alitaka kuitema. Alimweleza habari za baba yake wakiwa kwenye benchi la bustani ya Alameda, akimaliza kila sentensi kwa kufuta midomo kama aliyelamba kitu kichungu.

"Nakupenda, sitaficha," alisema. "Lakini siwezi kuolewa na mkono ule. Acha, au tuachane."

Fausto aliukunja mfuko mtupu wa ndizi mara nne.

"Nitaacha," akasema. Mwezi Septemba akampigia simu: "Mpenzi, nimeacha kudanganya watu. Kuanzia leo."

Narcisa alilia chooni maabara kwa furaha, kisha akanawa mikono mara tatu.

Siku ya Marehemu, mwanzoni mwa Novemba, aliamua kumshtukiza. Alivaa gauni la zambarau, akachukua chupa ya uji mzito wa matunda ambao kila nyumba hupika siku hiyo, na mkate wenye umbo la mtoto aliyefungwa nguo. Akafika jumbani, akajipenyeza nyuma ya umati.

Fausto alikuwa amesimama kwenye beseni, ndoo mkononi. Akaimwaga ubavuni. Majani yakazunguka kulia. Akahamia kaskazini, majani yakazunguka kushoto. Akaja kwenye mstari, na Narcisa akausikia, neno kwa neno, utani wa mama mkwe.

Makofi yalipolipuka alikuwa tayari anakimbia. Karibu na lango tumbo lilikataa, akainama juu ya maua ya watu akatapika. Kisha akaumwaga uji wote juu ya maua yale, ukawa doa jeusi, na ule mkate wa mtoto akauacha ukingoni. Alichukia maji, alichukia mkono, na zaidi ya vyote alichukia moyo wake uliokuwa umeamini mara ya pili mahali palepale.

Simu ililia akiwa garini.

"Narci! Mtu wa langoni ananiambia ulikuwa hapa. Uko wapi?"

"Nimekuona, Fausto. Nimeona kwa macho yangu mawili."

"Umeona nini? Subiri nikueleze..."

"Baba yangu alikuwa fundi wa kueleza! Usinipigie tena. Unanitia kinyaa."

Akakata, akaifunga namba yake. Fausto akaja maabara mara mbili. Mara zote mbili Narcisa alimwagiza mlinzi aseme hayupo, akajibanza nyuma ya pazia la dirisha hadi poncho nyekundu ikapotea barabarani.

Mwezi ukapita. Alikonda, na kila maji aliyoyapima aliyaona machafu, hata yale yaliyokuwa masafi. Hapo ndipo mama mkubwa Clemencia alipofika tena na masanduku matatu.

"Cheti changu cha yai kililowa na mvua. Nipelekeni nikachukue kingine. Na yule kijana wa kofia nataka nimwone, ana heshima yule."

"Mama mkubwa, mimi siendi."

"Ataendesha nani? Mimi nisiyejua hata kushika usukani?" Bi Piedad akadakia. "Mgeni ni mgeni, Narcisa. Chukua funguo."

Ikawa mara ya kumi na nne. Jumbani, beseni lilikuwa mikononi mwa mwenye jumba mwenyewe, Mzee Homero, mtu mnene mwenye mkanda chini ya kitambi. Alimwaga maji hovyo, utani wa mama mkwe akaurusha katikati, majani yakazunguka upande usiotakiwa. Hakuna aliyepiga makofi.

"Kijana wa kofia yuko wapi?" mama mkubwa akauliza kwa sauti ya sokoni.

"Fausto?" Mzee Homero akatema mate pembeni. "Yuko bandani, anazoa kinyesi cha simbilisi. Aliniharibia onyesho yule. Tangu Septemba, bibi! Anazungusha maji vizuri kabisa, watu wanapiga makofi, wakinyamaza tu anawaambia, 'Sasa rudini, mtazame mkono wangu.' Anarudia kila kitu polepole, anawaonyesha ndoo inavyomwagwa! Nikamwambia, nusu ya kwanza inatosha, nusu ya pili iache. Akakataa. Nikamwambia basi chagua, beseni au banda. Akachagua banda, mjinga."

Mama mkubwa akacheka hadi kofia ikamteleza. Narcisa hakucheka. Aliyakumbuka yale makofi yakiwa mgongoni mwake. Aliondoka makofi yakilia. Dakika moja tu, na angeisikia sauti ile ya chini ikisema rudini. Safari hii kichefuchefu kilipompanda hakikuwa cha mtu mwingine. Alijionea kinyaa mwenyewe.

Banda lilikuwa nyuma ya ukuta, na harufu yake ilimpokea akiwa bado mbali: mkojo mkali, majani yaliyooza, manyoya yenye unyevu. Mamia ya wanyama wale wanene walikuwa wakipiga kelele kwa mpigo mmoja. Fausto alikuwa amevaa buti za mpira na aproni iliyokuwa na rangi gani zamani, Mungu anajua. Alikuwa amekonda naye.

"Makumbusho ni mlango wa mbele, dada," akasema bila kuinua macho.

"Fausto."

Koleo likasimama.

"Homero ameniambia. Niliondoka mapema."

"Uliondoka." Alikuwa na hasira, wala hakuificha. "Nikakupigia. Nikakufuata kazini. Mlinzi akaniambia hayupo, nami naliona koti la kijani nyuma ya pazia. Mara mbili, Narcisa! Tapeli wa maji ni nani hapo?"

Nzi akatua mdomoni mwa Narcisa, naye akataka kumpiga kibao, akamkosa, akajipiga mwenyewe shavu.

"Mimi," akajibu. "Nilikudanganya nikikutazama dirishani. Najiona uchafu mtupu."

"Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu. Fausto, ni kweli?"

"Kwa sababu baba yangu nilimuuliza. Nilimuuliza, baba, unahama? Akanijibu vizuri sana, Fausto. Akanibusu paji la uso. Alijibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia."

Fausto akaliegemeza koleo ukutani. Wanyama waliendelea na kelele zao.

"Jibu la kweli halina haja ya kuwa zuri," akasema baadaye, taratibu. "Mimi ningejibu ovyo. Ningekuambia sijapata njia nyingine: lazima watu waamini kwanza ndipo waone walivyodanganywa. Ungechukia jibu hilo pia."

"Ningelichukia. Lakini ningebaki." Akavuta pumzi, akajuta kuivuta. "Umechagua kinyesi badala ya kunyamaza?"

"Nimechagua kinyesi. Usifikiri ni ushujaa, najuta kila asubuhi. Hawa wanakunya bila mapumziko."

Narcisa alicheka na kulia kwa pamoja, pua ikitiririka, sura mbaya kabisa.

"Unanuka, Fausto."

"Najua."

"Hujui. Unanuka vibaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukinusa, na mimi napima maji ya mitaro. Nikisogea hapo nitatapika."

"Basi usisogee. Nitaoga, nitakuja kwenu Jumatatu nimevaa shati, nimuombe mama yako ruhusa kama mtu."

"Jumatatu mbali. Niombe mimi, sasa hivi."

Akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Basi Fausto akavua glavu zake zilizotoboka, moja, kisha ya pili, akazitupa kwenye toroli. Akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, kucha zikiwa nyeusi, kijani cha majani yaliyooza kikiwa kimeingia kwenye mistari yote.

"Sasa itazame mikono yangu," akasema. "Utakaa na mimi?"

Narcisa aliitazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, hadi mwisho. Kisha akaishika yote miwili, bila skafu wala glavu.

"Nitakaa," akasema. Akageuza uso pembeni, akatapika, na mikono hakuiachia.